Nyumba ya Mkulima Kelmscott: Tunalinda Ukuta, Tunasahau Machimbo

Katika kijiji cha Kelmscott, magharibi mwa Oxfordshire nchini Uingereza, mahali ambapo Mto Thames ungali mwembamba na unapita polepole katikati ya malisho, ipo nyumba ya mawe iliyojengwa karibu na mwaka 1600. Wengi wanaosafiri kwenda kuitazama wanafuata jina la mtu mmoja, William Morris, mshairi, msanii wa nakshi na mwanaharakati wa ujamaa, aliyeikodi kuanzia mwaka 1871 hadi alipofariki mwaka 1896. Ni haki yao, kwa kuwa Morris aliipenda nyumba hii kuliko zote alizopata kuishi. Lakini sababu iliyomfanya aipende ndiyo ambayo wageni wake wengi huipita bila kuitazama: nyumba hii ni kazi ya waashi na waezekaji ambao hakuna aliyeandika majina yao, na uzuri wake unatokana na jinsi walivyolijua jiwe la kwao. Mtu akikubali hoja hiyo, swali la namna ya kuilinda nyumba ya aina hii halibaki kuwa swali la kuta peke yake. Linagusa machimbo, tanuri la chokaa na mikono inayoijua kazi, na hapo ndipo ninaposema kwamba Uingereza, pamoja na sifa yake kubwa ya kutunza majengo ya kale, bado haijatimiza wajibu wake.

Aliyeijenga alikuwa Thomas Turner, mkulima aliyejiweza. Ingawa leo inaitwa Kelmscott Manor, haikuanza kama makao ya bwana mwenye kijiji, na jambo hili ni la msingi kwa yeyote anayetaka kuisoma vizuri. Kati ya nusu ya pili ya karne ya 16 na katikati ya karne ya 17, bei za nafaka na sufu zilipanda, na wakulima waliokuwa na ardhi ya uhakika wakapata ziada ambayo baba zao hawakuwahi kuiona. Ziada hiyo waliiweka kwenye nyumba. Nyumba za zamani zilikuwa na ukumbi mmoja ulio wazi hadi paani, moto ukiwaka katikati ya sakafu na moshi ukijitafutia njia kupitia paa. Mara tu dohani la mawe lilipojengwa ukutani, moshi ulipata njia yake, na juu ya ukumbi ikawezekana kuweka sakafu nyingine na kupata vyumba vya ghorofani. Nyumba ya Turner ni zao la badiliko hilo. Mpangilio wake bado unashika desturi ya kale, kwani mlango unaingilia kwenye ushoroba unaoikata nyumba, upande mmoja ukumbi na upande wa pili vyumba vya kazi, lakini mwili wake tayari ni wa kizazi kipya: ghorofa, madohani, na madirisha mapana yaliyogawanywa kwa nguzo nyembamba za jiwe.

Katika muongo wa 1660 familia ya Turner iliongeza upande wa kaskazini-mashariki, na hapa ndipo panapomvutia zaidi mchambuzi wa majengo. Upande huu una chumba kikubwa chini, chenye kuta zilizofunikwa mbao na kupakwa rangi nyeupe, na juu yake chumba kingine kikubwa ambacho kuta zake zimetundikwa vitambaa vizito vilivyofumwa kwa picha za maisha ya Samsoni. Nje, kuta zake zinapanda kwa pembetatu kali hadi kileleni, kama walivyojenga mababu wa eneo hilo, lakini juu ya madirisha madogo ya darini mwashi ameweka taji za pembetatu za mtindo wa Kirumi. Msanifu Inigo Jones alikuwa amelikamilisha jumba la Banqueting House huko Whitehall, London, mwaka 1622, na kwa jengo hilo usanifu wa Kiitalia ukaingia katika makao ya mfalme ukiwa kamili. Mtindo huohuo ulichukua zaidi ya miaka 40 kufika kwenye shamba la kando ya Thames, na ulipofika haukuja na msanifu wala michoro. Ulikuja kama wazo alilolisikia au kuliona mwashi mahali fulani, akalipima kwa jiwe alilokuwa nalo, akaliweka juu kabisa, mahali ambapo halingeharibu umbo alilolizoea. Wapo wanaoziona taji hizo kama kosa la mtu wa shamba aliyeiga asichokielewa. Mimi naziona kama uamuzi wa fundi aliyejua kwa hakika kiasi gani cha ugeni ukuta wake ungeweza kubeba.

Kuta zenyewe ni za jiwe la chokaa la eneo hilo, vipande visivyochongwa kwa usawa, vilivyopangwa kwa uangalifu na kushikamanishwa kwa chokaa. Jiwe hili lilitokana na bahari ya joto na ya kina kifupi iliyofunika sehemu hiyo ya Uingereza zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita, na mtu akilitazama kwa karibu anaweza kuona vipande vya kombe na chembe za mviringo ndogo kama mayai ya samaki. Likitoka machimboni huwa na unyevu wake wa asili na hukubali patasi kwa urahisi. Likikaa hewani hukauka na kuwa gumu. Waashi walijua hivyo, ndiyo maana pembe za kuta na miimo ya madirisha, sehemu zinazohitaji ncha kali, zilichongwa kwa mawe bora zaidi yaliyochaguliwa mapema, na mawe ya kawaida yakajaza katikati. Morris aliandika katika miaka yake ya mwisho kwamba kila ukuta wa nyumba hii umelalia ndani kidogo kadiri unavyopanda. Mteremko huo ni mdogo kiasi kwamba macho huuhisi kabla ya kuuona. Unaipa nyumba utulivu wa kitu kilichokaa vizuri juu ya ardhi, na pia una kazi: ukuta mnene wa mawe yasiyo sawa unapoegemea ndani, uzito wa sakafu na paa unashuka kuelekea kwenye msingi bila kuusukuma ukuta nje.

Kinachosahaulika zaidi katika ukuta huo ni chokaa iliyo kati ya mawe. Nyumba za umri huu hazikuwekewa tabaka la kuzuia unyevu kwenye msingi, na Kelmscott imekaa kwenye ardhi tambarare iliyo karibu sana na mto. Maji hupanda ukutani kutoka chini na hupigwa ukutani na mvua kutoka nje, na hakuna mwaka ambao hayafanyi hivyo. Ukuta unabaki salama kwa sababu chokaa iliyo kwenye viungo ni laini na yenye vinyweleo vingi kuliko jiwe, hivyo unyevu hutoka kupitia kwenye viungo, na chumvi inayosafiri na maji hayo huishia humo. Chokaa ndiyo inayoliwa, jiwe linabaki. Baada ya miongo kadhaa mwashi huja, huondoa chokaa iliyochoka na kujaza mpya, na ukuta unaendelea kwa kizazi kingine. Saruji ya kisasa, ambayo hataza yake ilitolewa kwa Joseph Aspdin mwaka 1824, huigeuza hesabu hiyo. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la chokaa na hairuhusu unyevu kupita, kwa hiyo maji yaliyonaswa ndani hutafuta njia kupitia kwenye uso wa jiwe lenyewe. Chumvi hukauka nyuma ya uso huo, sakitu ya majira ya baridi huyagandisha maji yaliyomo, na jiwe huanza kubanduka tabaka baada ya tabaka, huku kiungo cha saruji kikibaki kimesimama kama ubavu. Mtu aliyetaka kuuimarisha ukuta anakuwa ameuhukumu. Kosa hili limefanyika katika maelfu ya nyumba za vijiji vya Uingereza katika karne ya 20, mara nyingi kwa nia njema kabisa, na kulirekebisha ni kazi ngumu kwa sababu saruji ikikwanguliwa huondoka na uso wa jiwe.

Lakini sehemu inayostahili kutazamwa kwa muda mrefu kuliko zote ni paa. Nyumba hii imeezekwa kwa vigae vya mawe, na vigae hivyo havilingani ukubwa. Upenuni ni vipana na vizito. Kadiri paa linavyopanda vinapungua safu kwa safu, hadi kufikia vidogo kabisa karibu na mgongo wa paa. Morris alilinganisha mpangilio huo na magamba ya samaki na manyoya ya ndege, na sijaona mfano unaoufaa zaidi, kwa sababu katika yote matatu uzuri na kazi havitenganishiki. Maji ya mvua ni machache karibu na mgongo na huongezeka yanapoteremka, hivyo vigae vikubwa vyenye viungo vichache huwekwa palipo na maji mengi. Pia machimbo hayatoi vigae vya saizi moja. Hutoa vichache vikubwa na vingi vidogo, na mwezekaji aliyevipanga kwa ukubwa aliweza kutumia karibu kila kilichochimbwa. Uchumi wa machimbo ndio uliochora sura ya paa.

Uzito wa paa kama hilo ni takriban tani moja kwa kila mita 10 za mraba, na bado kila kigae kinashikiliwa na kigingi kimoja kidogo cha mti wa mwaloni, kilichopitishwa kwenye tundu lililotobolewa kwa mkono na kuning'inizwa kwenye fito. Paa lazima liwe la mteremko mkali ili maji yaondoke haraka, na mbao za ndani lazima ziwe nene ili zibebe mzigo. Darini huko Kelmscott mbao hizo ziko wazi, boriti kubwa zilizopinda zinazompasa mtu kuinama ili apite chini yake, katika vyumba walimolala watumishi wa shamba. Yeyote anayetaka kuielewa nyumba hii aanzie huko juu, kisha ashuke kwenye vyumba vya mapambo.

Katika Oxfordshire, machimbo yaliyojulikana zaidi kwa vigae vya aina hii yalikuwa ya Stonesfield, kijiji ambacho mawe yake pia yalihifadhi mifupa ya mnyama ambaye mwanajiolojia William Buckland alimpa jina la Megalosaurus mwaka 1824, dinosaria wa kwanza kuelezwa kisayansi. Utengenezaji wa vigae ulitegemea majira. Jiwe lilichimbwa chini ya ardhi wakati wa vuli, likatolewa nje na kufunikwa ili lisikauke, kwa sababu likipoteza unyevu wake halipasuki tena. Kisha watu walisubiri baridi. Usiku ambao sakitu kali ilikaribia, kengele ya kanisa iligongwa, na wanakijiji wakatoka kwenda kuyafunua mawe na kuyamwagia maji. Maji yaliingia katika tabaka nyembamba za jiwe, yakaganda, yakatanuka, na kufikia majira ya kuchipua jiwe lilikuwa limegawanyika kiasi kwamba pigo dogo la nyundo lilitosha kulifungua. Majira ya baridi yasiyo na sakitu yaliwaacha watu wa kijiji hicho bila kazi. Uchimbaji wa Stonesfield ulikoma mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya reli kuleta vigae vyepesi na vya bei nafuu kutoka Wales na viwanda kuleta vigae vya udongo, na pamoja na machimbo ukaondoka ujuzi ambao haukuwahi kuandikwa kitabuni.

Morris alikodi nyumba hii mwaka 1871 pamoja na mchoraji Dante Gabriel Rossetti, ambaye aliondoka mwaka 1874. Miaka michache ya kuishi karibu na kuta na paa hilo, nadhani, ilikuwa na mchango mkubwa katika hatua aliyoichukua mwaka 1877, alipoanzisha Chama cha Kulinda Majengo ya Kale pamoja na msanifu Philip Webb na wenzao. Kilichomchochea hadharani kilikuwa mpango wa kulikarabati kanisa kubwa la Tewkesbury chini ya msanifu George Gilbert Scott. Wakati ule ukarabati ulimaanisha kuling'oa lile ambalo karne za baadaye ziliongeza, kukwangua plasta ya zamani ukutani hadi mawe yaonekane, na kujenga upya sehemu zilizochakaa kwa namna msanifu alivyodhani zilikuwa hapo mwanzo. Waraka wa chama hicho ulipinga kila hatua ya kazi hiyo. Ulisema uchakavu uzuiwe kwa matunzo ya kila siku, ukuta unaoyumba uegemezwe, paa linalovuja lizibwe, na mkono wa leo usijifanye mkono wa jana.

Kanuni hiyo inaeleweka vizuri mtu akiitazama Kelmscott. Kama mkarabati wa mwaka 1870 angeamua kuirudisha nyumba kwenye hali ya 1600, angelazimika kuubomoa upande wa 1660 na taji zake za Kirumi, na kuukwangua ule upakaji mwembamba wa plasta ambao Morris aliuona ukiwa umechukua rangi ya mawe kwa kupigwa na hali ya hewa. Angepata nyumba safi na ya uongo. Nyumba iliyobaki ina tarehe nyingi ndani yake, na kila moja ni ya kweli.

Hata hivyo ndani ya hoja ya Morris kuna jambo ambalo warithi wake wamelishughulikia kwa nusu. Matunzo ya kila siku yanahitaji vifaa vya kila siku. Paa linalovuja linazibwa kwa vigae, na vigae vinatoka mahali. Kelmscott ni jengo la daraja la kwanza katika orodha ya taifa, daraja linalobebwa na takriban asilimia 2.5 tu ya majengo zaidi ya 370,000 yaliyoorodheshwa Uingereza. Kwa mujibu wa vigezo vya orodha hiyo, jengo lolote la kabla ya mwaka 1700 lililobaki katika hali iliyo karibu na ya asili linastahili kuingizwa. Sheria ni kali: mwenye nyumba hawezi kubadilisha dirisha bila kibali. Lakini sheria hiyohiyo haina mkono wa kufungua machimbo, na wakati mwingine mamlaka zilezile za mipango zinazomlazimisha mtu kutumia jiwe la kwao ndizo zinazosita kuruhusu shimo dogo la kulitoa jiwe hilo, kwa hofu ya kuharibu mandhari. Matokeo yake ni biashara ya mawe ya mitumba. Ghala la shamba linavuliwa paa ili nyumba iliyo vijiji vitano mbali ipate vigae, na paa moja linapona kwa kifo cha jingine.

Kodi nayo inasukuma upande uleule. Ukarabati na matengenezo ya jengo la kale nchini Uingereza hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, ilhali ujenzi wa nyumba mpya ya kuishi hutozwa kwa kiwango cha sifuri. Hadi mwaka 2012 mabadiliko yaliyoidhinishwa katika majengo yaliyoorodheshwa nayo yalitozwa sifuri. Nafuu hiyo ikaondolewa Oktoba mwaka huo. Serikali inayotangaza kwamba majengo haya ni hazina ya taifa inamtoza mwenye kuyatunza na kumsamehe anayejenga mapya. Sioni namna ya kuitetea sera hiyo, na nimesoma utetezi wake mwingi.

Upo upinzani mzito dhidi ya haya ninayoyasema, na haufai kupuuzwa. Vijiji vya mawe vya eneo hilo vimekuwa ghali, na kila sharti la kutumia jiwe la asili na chokaa huongeza gharama na kuwasukuma nje watoto wa wenyeji wasio na urithi wa nyumba. Wapo wanaosema kwamba vigae vya saruji vilivyotengenezwa kuiga mawe vinatosha, kwamba mpita njia haoni tofauti, na kwamba mapenzi ya Morris kwa ufundi wa mkono yalikuwa anasa ya mtu aliyezaliwa katika familia yenye fedha. Sehemu ya hoja hii ni kweli. Kwa nyumba mpya ya familia ya kawaida sioni ubaya wa kigae cha saruji. Lakini gharama ya jiwe si sheria ya maumbile. Vigae vya mawe vilikuwa paa la mkulima, la ghala na la zizi, na bei yake ilipanda baada ya machimbo kufungwa na wenye ujuzi kupungua. Tukiendelea kukiacha kila kisima cha ujuzi kikauke, kisha tukasema maji ni ghali, tunakuwa tumeisababisha hoja yetu wenyewe.

Kijiji chenyewe kinaonyesha kwamba desturi hii inaweza kuzaa kipya. Mwaka 1902 Jane Morris aliagiza nyumba mbili zilizoungana zijengwe kwa kumbukumbu ya mumewe. Philip Webb alizibuni kwa jiwe la eneo hilo, na ukutani ikawekwa sanamu ya Morris akiwa ameketi chini ya mti, iliyochongwa na George Jack kufuata mchoro wa Webb. Ukumbi wa kijiji ulibuniwa na msanifu Ernest Gimson, ambaye alifariki mwaka 1919, na ulipokamilika hatimaye mwaka 1934 mwandishi George Bernard Shaw ndiye aliyeufungua. Majengo haya yote yalikuwa mapya katika siku zake, wala hayakujifanya ya kale. Yalitumia jiwe lilelile kwa mahitaji mengine, na leo yamekaa karibu na nyumba ya Turner bila kuigombanisha na kijiji. Hata kaburi la Morris katika uwanja wa kanisa la Kelmscott, kazi ya Webb pia, ni jiwe refu lenye umbo la paa.

Msomaji wa Unguja au Lamu atakuwa amekwisha kuitambua habari hii kwa upande wake. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001, na nyumba za miji hiyo nazo ni jiwe lililotoka baharini, la matumbawe, changa mno likilinganishwa na lile la Oxfordshire lakini la jamii moja, lililoshikamanishwa kwa chokaa iliyochomwa papo hapo na kubebwa na boriti za mikoko ambazo urefu wake ndio uliopima upana wa vyumba. Ukuta wa matumbawe ukizibwa kwa saruji huteseka kwa namna ileile, isipokuwa kwamba pwani hakuna sakitu. Kazi yote hufanywa na chumvi na unyevu. Na hapa pia tumekuwa hodari zaidi wa kutangaza mji kuwa urithi kuliko kuhakikisha kwamba mchoma chokaa ana soko na fundi wa niru, yaani plasta ya chokaa, ana mwanafunzi.

Historia ya Kelmscott baada ya Morris inathibitisha kwamba tangazo halitoshi. Jane Morris aliinunua nyumba mwaka 1913. Binti yao, May, aliishi humo hadi alipofariki mwaka 1938, akaiacha kwa Chuo Kikuu cha Oxford, na mwaka 1962 ikaingia mikononi mwa Chama cha Wanahistoria wa Mambo ya Kale cha London, kikiikuta katika hali mbaya iliyohitaji matengenezo makubwa. Karne ya 21 ilipofika kazi ikahitajika tena, na nyumba ikafunguliwa upya kwa wageni mwaka 2022 baada ya mradi mwingine mkubwa. Hayo yametokea kwa nyumba yenye jina kubwa na wafadhili. Nyumba za mawe zisizo na mshairi, ambazo ndizo nyingi, haziwezi kusubiri mradi kila baada ya miaka 50. Zinahitaji mwashi wa kuitwa kila vuli.

Lipo jaribio moja linalonipa sababu ya kusema kwamba hali inaweza kubadilishwa. Kusini mwa mji wa Stamford, katika kijiji cha Collyweston, Northamptonshire, kulikuwa na desturi ya vigae vya mawe iliyotegemea sakitu kama ile ya Stonesfield, na nayo ilikaribia kufa kwa sababu ya soko dogo na kwa sababu majira ya baridi yenye sakitu ya kutosha yamekuwa machache. Wataalamu wa taasisi ya taifa ya majengo ya kale, pamoja na watafiti wa chuo kikuu na mafundi wa eneo hilo, walijaribu kuyagandisha na kuyayeyusha mawe ndani ya mashine za ubaridi badala ya kuyaacha nje usiku. Jiwe lilikubali. Vigae vilivyopatikana kwa njia hiyo vilitumika kwenye paa la jumba la Apethorpe, na katika muongo wa 2010 uchimbaji ukaanza tena Collyweston. Mashine imechukua nafasi ya usiku wa baridi, lakini kupasua, kutoboa na kupanga safu kutoka upenuni hadi kwenye mgongo wa paa bado ni kazi ya mkono, na vijana wanaifundishwa.

Uchimbaji wa namna hiyo unaishi kwa oda za kila mwaka. Machimbo madogo hayawezi kumlipa fundi kwa kazi ya jumba moja kisha kumwomba asubiri jingine. Kwa hiyo naona fedha za umma na za bahati nasibu ya taifa zinapotolewa kwa ajili ya jengo la daraja la kwanza la eneo la mawe, mkataba uweke sharti kwamba sehemu ya vigae na mawe iwe mipya, kutoka machimbo ya wilaya hiyohiyo, hata pale mawe ya mitumba yanapopatikana kwa bei ya chini; na mamlaka za mipango zipewe jukumu la kutoa vibali vya mashimo madogo ya muda, yanayofukiwa kazi ikiisha, ndani ya muda uleule wanaojipa kumjibu mtu anayeomba kubadilisha dirisha.